Sindano Iliyotulia

Wapakiaji wa magunia pale mashineni walimbandika jina la Taratibu, na yeye akaitika. Jina lilitokana na namna alivyopanda mlima na pikapu. Jicho moja liliangalia barabara, la pili liliangalia kisaa cha duara kilichofungwa juu ya dashibodi, chenye sindano inayoonyesha joto la moshi unaotoka kwenye injini. Sindano ikipanda, mguu wake unainuka. "Dada Taratibu," walimtania, "siku ukiolewa utamwangalia bwana harusi au hicho kisaa?" Akawajibu kwamba itategemea nani kati yao anachemka haraka, na wale vijana wakacheka mpaka gunia likawaponyoka.

Pikapu ilikuwa mali ya familia, kuukuu lakini ngangari, ya dizeli, yenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada. Mama yake alikuwa na mashine ya kusaga chakula cha kuku, na wafugaji karibu wote walikuwa juu mlimani. Bila gari, mashine ilikuwa kelele tupu. Taratibu ndiye aliyekuwa dereva, na katika nyumba ambamo kaka yake mkubwa alisikilizwa hata akikohoa, kiti kile cha dereva ndicho mahali pekee alipokuwa na kauli. Akiwa pale, Mama mwenyewe alimuuliza, "Unaonaje, tupakie sasa au jua lipungue?" Mtu asiyewahi kuulizwa maoni yake nyumbani kwao hawezi kuelewa swali kama hilo lina utamu gani.

Kisaa alikifunga Mjomba, mdogo wake Mama, fundi mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Baba alipofariki, Mjomba ndiye aliyemchukua binti akamfundisha kuendesha, kubadili mafuta ya injini, na kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Siku ya kufunga kisaa alimwita ashike sumaku. Akatoboa tundu kwenye mkono wa chuma unaokusanya moshi kutoka kwenye silinda, mbele kabisa ya turbo, mahali ambapo moshi bado una ukali wake wote. Ncha ya kutobolea aliipaka grisi ili vumbi la chuma linase, na lililobaki Taratibu akalivuta kwa sumaku chembe kwa chembe, maana chembe moja ikiingia kwenye turbo inaitafuna. Kisha Mjomba akapenyeza kijiti chembamba kama penseli, ambacho kazi yake ni kukaa ndani ya moto huo na kupeleka habari kwenye kisaa.

"Geji ya joto la maji inakuja kukwambia nyumba imeshaungua," alisema huku akikaza nati. "Hii inakwambia moto ukiwa bado jikoni. Ikigusa saba, yaani nyuzi mia saba, ondoa mguu, rudisha gia, hata kama nyuma yako watu wanapiga honi na kukutukana. Na ukifika, usizime gari. Mpaka ishuke chini ya mbili."

"Na kama haisemi kweli?"

"Mimi naweza kukudanganya, mwanangu. Sindano haiwezi."

Maneno hayo aliyameza mazimamazima. Sheria ya mbili ikawa sheria ya nyumba nzima. Pikapu ikiingia uani, injini iliachwa ingurume, na waliomo walikaa wakisubiri sindano ishuke kama watu wanaosubiri dua iishe. Mama alitoa karanga mkobani. Mgeni akikimbilia mlango aliambiwa, "Tulia kwanza, turbo inapoa." Kaka peke yake ndiye aliyeona ni upuuzi, lakini hata yeye alikaa.

Balaa lilianza kwa nia njema, kama yanavyoanza mabalaa mengi. Mjomba aliamua kuipa pikapu nguvu. Hakuna aliyemtuma. Alikata sili ya pampu ya dizeli, akageuza skrubu asiyotakiwa kuigusa, akaifungulia injini mafuta. Gari likawa na nguvu kweli, na likawa linatema moshi mweusi hadi akina mama wanaoanika nguo kando ya barabara wakawa wanampungia Taratibu ngumi badala ya mkono. Na sindano ikacharuka. Kwenye kona ya tangi la maji, pale ambapo zamani ilikuwa inakaa kwenye sita, sasa iliruka saba na kuendelea.

Taratibu alirudi gereji. "Mjomba, irudishe pampu ilivyokuwa. Inachemka."

Mjomba akairudisha, au alisema ameirudisha. Sindano ikaenda palepale. Akarudi tena, na tena. Kila safari Mjomba alikuwa mfupi zaidi wa maneno. Pampu ikishachezewa hivyo inataka kupelekwa kwa mafundi wa pampu wenye mashine ya kuipimia, na mafundi wale walikuwa watu aliowasema vibaya miaka yote kwamba ni wezi wenye koti jeupe. Angewabebea pampu mkononi, yeye, awaambie nini? Mwishowe akasema, "Niachie gari leo. Kesho hutalalamika tena."

Kweli kesho yake Taratibu hakulalamika. Alipanda mlima na mzigo kamili, akafika kona ya tangi la maji, na sindano ikasimama kwenye tano na nusu, imetulia tuli. Aliimba peke yake mpaka juu. Aliporudi alimkumbatia Mjomba na ovaroli lake lenye grisi, akamsifu kwa kila mtu: kwa wapakiaji, kwa wafugaji, kwa muuza duka ambaye hata gari hana. "Fundi ni mmoja tu," alisema, "wengine wanabahatisha." Mjomba alisikia sifa zile zikimrudia kutoka pande zote, na alichofanya ni kuinama ndani ya boneti ya gari lililokuwa karibu.

Jambo moja lilimkera Taratibu kidogo. Sindano ilikuwa nzito. Zamani ukikanyaga ilipanda papo hapo, ukiachia ilishuka papo hapo. Sasa ilijivuta, inapanda kwa kusitasita na kushuka kwa kusitasita. Alimuuliza Mjomba.

"Imekua," Mjomba akajibu. "Mtu mzima harukiruki."

Taratibu akacheka. Angefanya nini kingine? Ukimwamini mtu, hata kichekesho chake kinakuwa maelezo.

Injini ilikufa mchana, jua likiwa kali, magunia yamejaa, karibu na tangi la maji. Kisaa kilisema tano na nusu. Taratibu alikuwa gia ya tatu, hana wasiwasi, anawaza habari za mfugaji mmoja anayelipa kwa mayai. Akasikia kitu kinagonga, kama kijiko ndani ya sufuria, kisha nguvu zikaisha, kisha moshi wa buluu ukafunika kioo cha nyuma. Alisimama, akaweka mawe nyuma ya matairi, akatazama tena kisaa. Sindano ilikuwa bado inashuka polepole, haina habari.

Gari lilivutwa hadi gereji. Siku Mjomba alipofungua injini aliita familia. Akaitoa pistoni moja, akaishika juu ili wote waione. Kichwa chake kilikuwa kimeyeyuka upande, na katikati kulikuwa na tundu ambalo ungeweza kupitisha kidole.

"Joto," alisema.

"Joto la nini?" Mama akauliza.

"La moshi. Injini imepandishwa mlima ikiwa imezidiwa, muda mrefu."

Kaka akamgeukia dada yake. "Si ndicho unachokitazama kutwa? Kile kisaa chako?"

"Sindano ilikuwa chini," Taratibu alisema. "Mjomba, ilikuwa tano na nusu. Haikupita hapo hata mara moja."

Wote wakamtazama Mjomba. Taratibu naye alimtazama, tena kwa utulivu, maana alijua huyu atamkingia kifua. Huyu ndiye aliyemfundisha, anajua mguu wake ulivyo mwepesi. Mjomba alikuwa anafuta pistoni kwa kitambaa, anaifuta na kuifuta kana kwamba ikitakata itapona.

"Saa nyingine jua linapiga kioo cha kisaa," alisema bila kuinua macho. "Mtu anaona tano, kumbe nane. Hutokea hata kwa dereva mzuri."

Ndivyo alivyosema. Na kwa sababu alisema kwa upole, na kwa sababu aliongeza lile neno "mzuri", ilipenya vizuri zaidi kuliko tusi. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ndiko huko. Mtu anayeitwa Taratibu na wapakiaji wa magunia akawa ndiye aliyeunguza injini kwa kukanyaga. Kaka alipiga makofi mara moja tu, makavu. Mama hakufoka, na afadhali angefoka. Alinyoosha mkono, kiganja juu, na binti yake akaelewa, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka pale.

"Kaka yako ataendesha likipona," Mama alisema. "Wewe njoo mashineni, utanisaidia mizani."

"Samahani, Mama," Taratibu alisema. Aliomba msamaha mbele ya wote kwa kosa ambalo hakulikumbuka lakini alianza kuliamini. Mjomba alikuwa hatua mbili kutoka alipo, akasikia kila neno.

Wiki zile za mizani zilimchakaza. Pumba zilimwingia puani na kwenye nyusi, na wapakiaji, ambao si watu wabaya, waliacha kumtania, jambo lililomuuma kuliko yote. Lakini kibaya zaidi kilikuwa macho. Alisoma mizani, akasoma tena, kisha akamwita mtu mwingine amsomee. Kama jua linaweza kumfanya aone tano mahali penye nane, basi alikuwa ameona nini maisha yake yote?

Injini ilipokuwa tayari, Mjomba alikuja mwenyewe kumwomba Mama. Injini iliyofumuliwa inataka kulainishwa kwa mkono mwepesi kabla ya kupewa mzigo, alisema, na Kaka hana mkono huo. "Mpe binti aizungushe na mimi, siku moja tu." Taratibu alishukuru kimoyomoyo. Alidhani ni huruma. Labda ilikuwa huruma kweli, watu huwa na vitu vingi ndani yao kwa pamoja.

Wakatoka, yeye usukanini, Mjomba pembeni. Gari tupu, barabara tambarare. Karibu na kituo cha mafuta kulikuwa na kimwinuko kidogo, si mlima wala nini. Akakanyaga kidogo. Sindano ikaruka.

Akaachia. Ikaanguka papo hapo.

Akakanyaga tena, akaachia tena. Juu, chini, nyepesi, kama ilivyokuwa siku ile ya sumaku na grisi. Na ilikuwa imefika tano na nusu na gari tupu, kwenye kimwinuko ambacho mtoto angekipanda na baiskeli. Tano na nusu, mahali palepale iliposimama tuli miezi yote ile ikiwa na magunia mgongoni na mlima mbele yake.

Aliwasha indiketa. Aliendesha mpaka mahali penye nafasi, akasogea pembeni, akaacha injini ingurume. Mjomba alikuwa anatazama nje ya dirisha, upande ambao hapakuwa na chochote isipokuwa ukuta.

"Mjomba," alisema. "Ulikuwa umekiweka wapi kile kijiti?"

"Kijiti gani?"

Akashuka, akafungua boneti. Bati linalokinga joto la turbo alilitoa kwa kitambaa, linachoma, hakujali. Kijiti kilikuwa kwenye tundu lake la zamani, mbele ya turbo, nati yake imekazwa upya inang'aa. Nyuma ya turbo, kwenye bomba, mahali ambapo moshi ukifika umeshatua mzigo wake na kupoteza ukali, palikuwa na boliti mpya iliyoziba tundu ambalo yeye hakuwahi kulijua.

Hakuponya homa, aliwaza. Alimtoa mgonjwa kipimajoto mdomoni akakiweka kwenye maji ya baridi. Na homa ikaendelea, kila siku, na mimi nikaimba mpaka juu.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nilishindwa," alisema. "Pampu ilinishinda. Na wewe kila siku unakuja, kila siku, na macho yale. Nilitaka upumzike kidogo. Ningeipeleka kwa wale watu, nilikuwa natafuta siku."

"Na siku ile ulipoishika pistoni? Siku ile nayo ulikuwa unatafuta siku?"

"Mama yako alikuwepo. Kaka yako."

"Mimi pia nilikuwepo, Mjomba."

Mjomba akafuta mikono kwenye ovaroli ingawa haikuwa na grisi. "Pampu imepona sasa, nimeipeleka. Kijiti nimekirudisha. Kila kitu kiko sawa."

"Umekirudisha kimyakimya. Baada ya mimi kuomba msamaha."

"Mwanangu, nisikilize." Alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Wewe bado binti mdogo, watasahau, watakurudishia gari. Mimi nina gereji. Jina langu ndilo spana yangu. Watu wakisikia fundi kahamisha kijiti, nani ataniletea gari? Nifichie hili. Nimekulea."

Hapo ndipo ilipomkata. Alikuwa radhi kumsikia akisema nimekosa. Alikuwa hata radhi kumfichia, Mungu anajua, kama angeombwa siku ile ya pistoni. Lakini huyu alikuwa anamwonyesha malezi kama mtu anavyoonyesha risiti. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwake yeye kilikuwa ndani ya ovaroli alilolikumbatia.

"Tukifika nyumbani, wewe ndiye utakayesema," alimwambia. "Kabla sindano haijashuka chini ya mbili. Nakupa nafasi hiyo kwa sababu umenilea."

Njia ya kuingia uani ni mwinuko mfupi lakini mkali, hivyo gari lilisimama mbele ya mashine sindano ikiwa juu. Mama akatoka, pumba kichwani kama mvi za ziada. Kaka akatoka nyuma yake akiwa tayari amenyoosha mkono kuomba ufunguo.

"Vipi, limepona?" Mama akauliza dirishani.

"Muulize Mjomba," Taratibu alisema.

Injini ikanguruma. Sindano ikaanza kushuka: nne. Mjomba akakohoa. Akasema gari liko vizuri, klachi nayo iko vizuri. Akasema mwaka huu mvua itachelewa. Tatu na nusu. Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mjomba akatazama magoti yake, na Taratibu akaona wazi kwamba hatasema; atakaa hapo mpaka sindano ilale, kisha atashuka na kumpa Kaka mkono wa pongezi.

Basi akashika ufunguo, na sindano ikiwa bado kwenye tatu, akauzungusha kuzima.

"Usizime!" Mjomba aliruka kitini akamdaka mkono, akaushikilia. "Una wazimu? Bado ina moto! Unataka kuiua turbo?"

Sauti yake ilisikika mpaka kwa wapakiaji. Wapakiaji wakageuza shingo. Injini iliendelea kunguruma, imeponea chupuchupu.

"Kumbe sauti unayo," Taratibu alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Turbo umeitetea. Siku ile gereji mimi nilikuwa nimesimama karibu yako, Mjomba, naungua, na hukunyanyua hata kidole."

Mama alifungua mlango wa upande wa mdogo wake. Alimbeba mgongoni mtu huyu alipokuwa mchanga. Alimjua akiiba sukari na alimjua akikana. Hakuuliza mambo ya boliti wala pampu. Aliuliza, "Umemfanya nini mwanangu?" Na Mjomba, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi wote wainamie, akasema.

Ufunguo ulirudi kwake jioni ileile. Kaka ndiye aliyemkabidhi, akijifanya anachunguza tairi. Wapakiaji walirudisha utani siku iliyofuata, na Mama akauliza kama zamani, "Unaonaje, tupakie sasa?" Kiti chake kilikuwa kilekile, na mtu angedhani mambo yamekwisha.

Akapanda mlima na magunia. Injini ilivuta vizuri, moshi ulikuwa safi, pampu imepona. Alipokaribia tangi la maji alitazama kisaa. Sita, chini ya mstari, kama inavyotakiwa. Akatazama tena. Kisha akasogea pembeni, akaweka mawe nyuma ya matairi, akaacha injini ingurume, akafungua boneti na kuinama mpaka akakiona kijiti kwa macho yake. Kilikuwa mahali pake. Akafunga boneti, akapanda, akaondoka, na kwenye kona iliyofuata akasimama tena.